Mafuta yakiganda usikimbilie kumlaumu mwenye duka

Asubuhi moja ya Julai, baridi ikiwa imeshika Nakuru barabara, nilisikia hodi ya nguvu mlangoni. Alikuwa jirani yangu, mama wa watoto wanne, ameshika chupa ya mafuta ya kupikia. Alipimiwa mafuta hayo jioni iliyotangulia katika duka la mtaani, yakiwa maangavu kama chai ya rangi. Sasa nusu ya chupa ilikuwa imegeuka uji mweupe.

"Si wewe huandika gazetini? Haya, andika! Kijana huyu ametuchanganyia shahamu ya ng'ombe!" alifoka. Nyuma yake walisimama akina mama wawili, kila mmoja na chupa yake. Safari ilikuwa ya kwenda dukani kumwaibisha kijana wa watu, kijana yuleyule anayewakopesha unga na sukari mwisho wa mwezi unapokuwa mbali.

Niliwasihi wanipe siku moja tu. Msomaji, kabla sijakueleza niliyoyaona, hebu tuyafahamu mafuta yenyewe.

Uzi wa shanga

Mafuta yote, yawe ya nazi, ya alizeti, siagi au ya mkia wa kondoo, yamejengwa kwa vitu viitwavyo asidi za mafuta. Usiogope neno asidi. Hizi si kama ile ya betri ya gari. Fikiria uzi wa shanga. Kila ushanga ni chembe ya kaboni, nayo imeshika chembe za hidrojeni. Nyuzi tatu za namna hiyo hufungwa pamoja kwenye kipande kidogo kiitwacho gliseroli, na hapo ndipo tunapata mafuta.

Tofauti iko kwenye uzi. Asidi ya steariki, ambayo imo kwa wingi katika shahamu ya ng'ombe na kondoo, ina shanga 18 zilizonyooka. Asidi ya oleiki, iliyo nyingi katika avokado na zeituni, nayo ina shanga 18. Lakini katikati ya uzi wake zimekosekana chembe mbili za hidrojeni, na hapo uzi umepinda kama kiwiko. Nyuzi zilizonyooka hulaliana kama kuni zilizopangwa vizuri, zikashikana zikawa kitu kigumu. Zilizopinda hazipangiki. Ndiyo sababu asidi ya steariki huyeyuka joto likifika digrii 69 za sentigredi, ilhali ya oleiki huyeyuka kwa digrii 13 hivi. Tofauti yote hiyo imeletwa na kiwiko kimoja.

Wataalamu huziita zilizonyooka asidi zilizoshiba, yaani zimeshiba hidrojeni. Zenye viwiko ni asidi zisizoshiba. Hakuna mafuta ya kupikia yenye aina moja tu. Yote ni mchanganyiko.

Sasa turudi kwenye chupa. Mafuta mengi ya bei nafuu madukani mwetu hutokana na mawese, yanayopitia bandari ya Mombasa kutoka Malaysia na Indonesia. Karibu nusu ya asidi za mawese zimeshiba, hasa ile ya palmitiki yenye shanga 16. Kiwandani mawese hupozwa, sehemu inayoganda ikachujwa, na ile ya maji ikatiwa chupani. Hata hivyo, asidi zilizoshiba haziondoki zote. Mombasa kwenye joto huwezi kuziona. Lakini Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi hushuka hadi karibu digrii 10. Molo ndiyo usiseme! Zile zilizobaki hujitokeza zikaganda.

Jaribio la dirishani

Jioni hiyo nilitia mafuta katika glasi tatu: ya jirani, ya mawese niliyonunua mwenyewe yakiwa yamefungwa, na ya alizeti. Nikaziweka dirishani nje. Kulipopambazuka, glasi ya jirani na ile yangu ya mawese zote zilikuwa zimefanya uji. Ya alizeti ilikuwa angavu, kwani asidi yake kubwa, ya linoleiki, ina viwiko viwili, na haigandi hadi baridi ishuke chini ya sufuri.

Sikumwambia jirani kwamba kijana ni malaika. Jaribio hilo linaonyesha tu kwamba kuganda si ushahidi wa wizi. Mwenye shaka ya kweli amwone afisa wa afya ya umma au apeleke malalamiko kwa shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, yapimwe katika maabara.

Ng'ombe na Mjerumani

Huenda mwanafunzi akauliza: ng'ombe hula majani, na mafuta ya majani yana viwiko vingi. Mbona shahamu yake ni ngumu? Jibu liko tumboni. Vijidudu vilivyomo katika tumbo la kwanza la ng'ombe hutia hidrojeni kwenye asidi hizo, na nyingi zikanyooka. Samaki hana tumbo la namna hiyo, na mafuta yake hubaki ya maji.

Mnamo 1902 Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya kufanya kazi hiyohiyo kiwandani. Alipitisha hidrojeni katika mafuta ya maji pamoja na madini ya nikeli, yakawa magumu. Hapo ndipo yalipoanzia mafuta mengi ya kuganda ya mikebe na majarini zilizopakwa mkate karne nzima.

Kazi hiyo ilikuwa na kasoro. Hidrojeni ikitiwa nusunusu, baadhi ya nyuzi hunyooka bila kushiba. Hizo huitwa asidi za transi, na zimethibitishwa kuongeza hatari ya maradhi ya moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizitaka nchi zote kuziondoa katika vyakula kufikia mwisho wa 2023, zisizidi gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta. Kwa hivyo soma karatasi ya mkebe. Ukikuta imeandikwa kwamba mafuta yametiwa hidrojeni kwa sehemu, rudisha mkebe rafuni.

Hatusemi uyaache mafuta. Mwili hauwezi kujitengenezea asidi ya linoleiki wala ile ya alfa-linoleniki. Ni lazima zitoke kwenye chakula. Jambo hilo lilianza kujulikana mwaka 1929, watafiti George na Mildred Burr wa Marekani walipoona panya walionyimwa mafuta wakiharibika ngozi na kudumaa. Alizeti, mahindi na soya zina linoleiki, nayo omena ina mafuta ya omega-3. WHO inashauri kwamba nguvu tunayopata kutoka kwa mafuta isizidi asilimia 30 ya nguvu yote ya chakula, na ile ya asidi zilizoshiba isizidi asilimia 10.

Hatari iliyo wazi

Nilipomaliza kumweleza jirani haya yote, nilimwuliza swali moja: watoto hununua wapi chipsi wakitoka shuleni? Akanyamaza. Sote twakijua kibanda chenye karai ya mafuta meusi ambayo hayamwagwi, huongezwa tu.

Hapo ndipo penye shida. Oksijeni ya hewani hushambulia vile viwiko, na moto huharakisha kazi hiyo. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi huwa mazito, hutoa povu na huanza kufuka moshi upesi. Yamekwisha kuvunjika, ingawa hayagandi wala hayamtishi mtu kwa sura ya uji. Nyumbani yachuje baada ya kukaanga, yafunike, yaweke mbali na jua, na uyatupe yanapotoa harufu ya kuchacha. Usiyamwage kwenye sinki, yataziba mabomba.

Beseni la kufulia

Asidi za mafuta haziishii jikoni. Ukizichemsha na soda kali, nyuzi huachana na gliseroli na kila uzi hushika sodiamu. Hiyo ndiyo sabuni. Ncha moja hupenda maji na mkia hupenda mafuta, basi uchafu hung'olewa kwenye kola ya shati. Ndiyo maana kiwanda kimoja huweza kutoa mafuta ya kupikia na sabuni pia, kama kile cha Menengai hapa Nakuru. Mafuta ya nazi, yenye nyuzi fupi, hutoa povu haraka. Mawese na shahamu hufanya kipande kigumu kisichoisha mapema. Gliseroli inayobaki ndiyo glisirini unayompaka mtoto midomo ikipasuka kwa baridi.

Asidi ya steariki hutiwa kwenye mishumaa, na pia kwenye mpira wa magurudumu kama ya malori yanayopita hapa kwenda Eldoret. Sabuni ya potasiamu hunyunyiziwa mboga na maua kuua vidukari. Maumbile yalitangulia: nta ya nyuki, wanayoijua vyema Waogiek wa msitu wa Mau, imeundwa pia kwa asidi ya palmitiki. Nao heroe wa Ziwa Nakuru hujipaka mafuta ya tezi iliyo karibu na mkia, manyoya yasilowe.

Jirani yangu hakwenda dukani kupigana. Alikwenda siku iliyofuata kupimiwa mafuta mengine, na akamshauri kijana asiiweke pipa yake sakafuni kwenye saruji baridi. Kuhusu chipsi, watoto wake sasa hubeba viazi vya kuchemsha. Wananung'unika, lakini watazoea.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.