Laptopu Nyembamba za Nini Kwetu?

Ndugu zetu wa mashirika, kwanza asanteni. Laptopu kumi mlizoleta kituoni kwetu hapa Kakuma mwaka jana zilipendeza kweli, nyembamba kama daftari. Siku ile kila mtu alipiga nazo picha. Leo zinazowaka ni nne.

Mgeni mmoja alisema eti sisi vijana hatujui kutunza vitu. Haya, tulizifungua na fundi wa sokoni, tukaona wenyewe. Memori ni 4GB, imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuongeza. Hifadhi nayo imechomelewa, 64GB, na Windows peke yake inakula karibu nusu. Ikidai apdeti, nafasi hakuna. Betri imebandikwa kwa gundi. Ikivimba (na joto la Turkana mnalijua) inasukuma kibodi juu, na ya kubadilisha hata Nairobi wanakuambia uagize. Moja iliharibika tundu la chaji tu. Tundu! Mashine nzima sasa tunabebea vikombe vya chai.

Halafu kuna ile ThinkPad T420 yetu, toleo la 2011, nzito kama tofali, mnaicheka kila mkija. Betri unaitoa kwa vidole, bila bisibisi. Memori unachomoa, unachomeka nyingine. Diski ilipokufa tuliweka SSD na Linux, ikaamka. Feni ikijaa vumbi tunapuliza. Wenzetu watatu wamejifunzia ufundi kwenye mashine hiyohiyo, na sasa wanatengeneza za watu kwa hela.

Hatutaki kudanganya: nyembamba inakula umeme kidogo. Siku ya mawingu, sola inayobeba T420 moja inabeba nyembamba mbili, hata tatu. Na mwanafunzi anayetoka Kalobeyei kwa miguu na begi mgongoni, huyo mpeni nyepesi, ana haki. Lakini za kituoni haziendi popote! Asubuhi mezani, usiku kwenye kabati la chuma lenye kufuli. Wepesi wake unamsaidia nani?

Kwa hela ileile tungepata mashine zilizotumika maofisini, nene, pamoja na betri za akiba na seti ya bisibisi. Hakuna aliyetuuliza. Basi safari hii, kabla ya kulipa, tumeni jina la modeli kwenye grupu. Fundi wetu atawajibu siku hiyohiyo kama inafunguka au haifunguki.