Daftari la Wiki: Maji Mafu ya Betio

Jumanne. Ratiba imenipa siku mbili za kungoja ndege ya Majuro hapa Tarawa, Kiribati. Saa sita mchana huku, nyumbani ni saa tisa usiku. Usingizi unaniita, lakini nimeacha mkoba chumbani nikatoka. Barabara kuu ni moja tu, kutoka uwanja wa Bonriki hadi Betio, mwisho wa magharibi. Nimepanda kipanya, muziki juu, tumebanana. Kushoto bahari kuu, kulia maji tulivu yaliyozungukwa na kisiwa na miamba, na mahali pengine ukanda wa ardhi ni mwembamba hivi kwamba dirisha moja linatosha kuona pande zote mbili. Kwenye ukanda huu wanaishi watu zaidi ya 60,000, nusu ya taifa na ziada. Anayepita hapa nami namshauri hivyohivyo: panda basi mpaka mwisho wa safari, kisha rudi kidogokidogo kwa miguu.

Jina la nchi linasomwa “Kiribas”, kwa kuwa “ti” hapa hutamkwa “s”. Ni jina la nahodha Mwingereza Thomas Gilbert, aliyepita 1788, lililopita kwenye ndimi za wenyeji likawa lao. Kiritimati nayo ni Christmas. Mswahili aliyeifanya school iwe skuli anaelewa bila kufafanuliwa.

Jumatano. Nimeamshwa na sauti ya mtu akiimba juu ya mnazi. Ni mgema! Amelifunga karara kwa kamba, analichonga ncha kwa kisu, utomvu unadondokea kwenye chupa. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimesimama chini ya mnazi ule kama niliyefika kwa mjomba. Alipoteremka nikamwamkia “Mauri”, naye akanimiminia. Tembo tamu huliita karewe. Likichemshwa likawa zito huwa kamaimai, ndiyo asali ya tembo ya kwetu. Likichacha ni kaokioki. Kando ya nyumba umesimama mshelisheli, nyuma yake mkadi. Kwetu mkadi tunaupenda kwa harufu ya maua yake. Huku tunda lake ni chakula na majani yake ni mikeka na mapaa ya nyumba. Mtumbwi wao una tengo upande mmoja, ngalawa yetu ina matengo pande mbili. Sikutegemea kwamba mahali pa mbali kuliko pote nilipowahi kufika ndipo ningehitaji maelezo machache kuliko pote.

Alhamisi. Betio, asubuhi, maji yametoka. Mizinga ya Wajapani ya inchi 8, iliyotengenezwa Uingereza, bado inaelekea baharini, kutu imeila. Tarehe 20 Novemba 1943, katika Vita vya Pili vya Dunia, wanamaji wa Marekani walishuka hapa kupigana na Wajapani hao. Siku ile ilikuwa ya maji mafu. Kila mvuvi wa Pangani anajua maana yake: bahari haijai ikajaa. Meja Frank Holland, aliyewahi kuishi Tarawa, alikuwa amewaonya kwamba maji hayatatosha kuvusha mashua juu ya mwamba. Mashua zikakwama. Watu wakashuka na bunduki zao, wakatembea majini mamia ya mita huku wakipigwa risasi, hawana pa kujificha. Kwa siku tatu walikufa Wamarekani wapatao 1,000, na upande wa Japani takriban 4,700, wakiwamo vibarua wa Kikorea. Mifupa ingali ikifukuliwa chini ya nyumba na njia za mji huu.

Nimekaa ufukweni muda mrefu nikiuangalia umbali ule. Nasikia uchungu kwamba elimu ambayo hapa na kwetu mtoto huipata kwa kumfuata baba yake pwani ilikuwepo mezani, ikasemwa kwa sauti, na bado watu wale walipelekwa.

Mama mmoja alikuwa mwambani akiokota kombe, kikapu mkononi. Mbele yake kifaru kilichozama kilikuwa nusu nje ya maji. Bahari ilipoanza kurudi, watoto wakafika mbio, wakakipanda na kujirusha. Yule mama aliwapigia kelele, kisha akacheka, akasogea juu ufukweni na kikapu chake, akanipa nafasi kivulini nikae naye mpaka kipanya cha kwenda Bonriki kilipopiga honi.