Sindano Peke Yake Haimponyi Mbwa

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita mbwa ni mlinzi wa zizi, wa duka na wa karasha la mawe ya dhahabu. Huko visiwani Kome na Maisome hulinda nyavu na injini za mitumbwi usiku kucha. Kwa hiyo hatusiti kuzungumzia hapa maradhi ambayo wengi huona haya kuyataja, yaani mkunjo wa ngozi unaofunika uke wa mbwa jike, na maambukizo ya njia ya mkojo yanayofuatana nao.

Mbwa wetu wa kienyeji, mwembamba na mkimbiaji, mara nyingi husalimika. Taabu humpata zaidi mbwa mnene, na yule ambaye uke wake umezama ndani ya ngozi tangu utotoni. Mkojo hubaki katika mkunjo, ngozi hulowa, huwa nyekundu na kunuka. Bakteria huongezeka hapo na kupanda hadi kwenye kibofu. Mnyama hujilamba pasipo kukoma na hukojoa kidogo kidogo kwa maumivu, pengine mkojo ukiwa na damu. Mwenyewe hudhani ni utovu wa adabu, akampiga. Kumpiga mgonjwa wa kibofu ni ukatili, hata kama ni mbwa.

Asiyempiga huenda duka la dawa za mifugo akanunua sindano ya antibiotiki. Mbwa hupata nafuu, na baada ya majuma machache ugonjwa hurudi, kwa kuwa mkunjo ungali pale pale. Sindano hurudiwa, mara nyingine kwa kipimo cha kubahatisha. Hapo ndipo jambo hili linapokuwa la watu wote: bakteria waliozoea dawa mwilini mwa mbwa waweza kumfikia binadamu anayeishi naye, na nyingi ya dawa hizo ni za jamii moja na zile tunazopewa hospitalini.

Tiba ya chanzo chake yajulikana siku nyingi. Kwanza mkojo upimwe na bakteria waoteshwe maabara, ijulikane ni dawa gani itakayowaua; mbwa mnene naye apunguzwe uzito. Mbwa mchanga asikimbizwe kwenye kisu, maana baadhi yao hupata nafuu baada ya kuingia joto kwa mara ya kwanza. Yakishindikana hayo, daktari hukata ukanda wa ngozi wenye umbo la mwezi mwandamo juu ya uke, akashona, mkunjo ukafunguka. Kisha mbwa huzuiwa asijilambe hadi nyuzi zitolewe, baada ya majuma mawili hivi.

Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Madaktari wetu wa wilaya wana ng'ombe, majosho na chanjo. Hatuwalaumu, kwa kuwa ng'ombe ni uchumi wa Usukuma. Hata hivyo Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro hufundisha udaktari wa mifugo, na Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Mwanza.

Tunaziomba halmashauri, zinapopanga fedha za majosho, zitenge pia za meza ya upasuaji, dawa ya usingizi na nyuzi, japo mahali pamoja katika kila mkoa. Siku za kazi hiyo zitangazwe mapema mialoni, ili mkazi wa Maisome ajue ni lini avuke na mbwa wake.