Mwokoaji wa Kwanza ni Jirani

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyobeba watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walinusurika, 19 walifariki. Tuliwasifu wavuvi wale, kisha tukarejea katika shughuli zetu bila kujiuliza ni nani aliyepata kuwafundisha uokoaji.

Moyo wa kujitolea Watanzania tunao. Tunachokosa ni mafunzo, na moyo usio na mafunzo huweza kudhuru. Katika kazi yangu ya tiba ya dharura niliwahi kumpokea kijana wa ajali ya pikipiki aliyeletwa na wapita njia, wamemshika mikono na miguu, kichwa kikining'inia. Hakutembea tena. Hakuna awezaye kusema kwa hakika kama uti wa mgongo uliharibika barabarani au wakati wa kubebwa. Waliomleta siwalaumu, kwani walifanya walichokijua. Nailaumu taaluma yetu, iliyoyafungia maarifa haya ndani ya kuta za hospitali.

Maarifa yenyewe si mengi. Jeraha livujalo damu kwa wingi hukandamizwa kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kufunuafunua ili kuchungulia. Aliyeungua hupozwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, wala hapakwi dawa ya meno. Aliyeopolewa majini naye hapumui, hupuliziwa pumzi kwanza, ndipo kifua kikandamizwe kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi zikiendelea kutolewa kati. Anayeshukiwa kuumia shingo hasogezwi, isipokuwa pale alipo pana hatari. Kujiepusha nako ni sehemu ya uokoaji: mjini Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta lililopinduka kulipuka huku watu wakichota petroli.

Najua zahanati nyingi zina watumishi wachache waliokwisha kuelemewa. Hata hivyo, nusu siku kila baada ya miezi mitatu inatosha kuwakusanya madereva wa bodaboda, wavuvi, walimu na wafanyabiashara wa sokoni, wakajifunza kwa kutenda, si kwa kusikiliza hotuba. Majeruhi anayefika akiwa ametunzwa vema hupunguza mzigo wetu. Nawe mgonjwa unayesoma makala haya ukiwa kwenye foleni, mwombe mhudumu akuonyeshe namna ya kuzuia damu, na uiweke kichwani namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Maafa hayapigi hodi. Siku yatakapotufikia, gari la wagonjwa litakuwa bado njiani, na jirani atakuwa amekwisha kufika. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba anajua la kufanya.