Kabla Ng'ombe Hajapelekwa Mnadani

Fikiria nyumba moja ya Makutupora, nje kidogo ya jiji la Dodoma. Ni Alhamisi jioni. Binti aliyemaliza chuo miaka miwili iliyopita anakimbilia jikoni akiwa na simu mkononi.

"Mama, nimepata kazi! Barua hii hapa, ina nembo ya Taifa, mhuri na saini ya mkurugenzi."

Mama anafuta mikono kwenye khanga na kumshukuru Mungu. Chini ya barua kuna sharti: laki tatu za "kuandaa faili" zitumwe kwa namba ya simu kabla ya Jumatatu. Jumamosi ni mnada wa Msalato. Kabla ya kulala, familia imeshakubaliana ng'ombe yupi atauzwa.

Kilichoifanya familia hiyo iamini ni saini. Lakini saini inayoonekana kwenye barua ya simu mara nyingi ni picha tu. Mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuikata kutoka barua nyingine na kuibandika, mhuri ukiwemo.

Saini ya kidijitali ni kitu kingine. Anayetia saini hutumia ufunguo wa siri alio nao peke yake, na programu hufunga maandishi yote ya faili kwa hesabu maalumu. Baadaye tarakimu moja ikibadilishwa, hesabu hazilingani tena na kompyuta hugundua. Saini hiyo huambatana na cheti kinachotaja jina la mwenye ufunguo na mamlaka iliyomthibitisha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki nchini Tanzania.

Kuikagua hakuhitaji utaalamu mkubwa. Kwanza, lipatikane faili lenyewe la PDF, kwa sababu picha ya skrini au karatasi iliyochapishwa haibebi saini hiyo. Pili, faili lihifadhiwe kwenye kompyuta, hata ya steshenari ya mtaani, na kufunguliwa kwa programu kama Adobe Acrobat Reader, ambayo haiuzwi. Kulitazama ndani ya WhatsApp au kivinjari hakutoshi, maana mara nyingi huko saini haikaguliwi.

Faili likiwa na saini ya kidijitali, programu huonyesha ujumbe juu ya ukurasa. Alama ya vema ya kijani maana yake saini ni halali na faili halijaguswa tangu itiwe. Pembetatu ya njano husema kuna jambo halijathibitishwa, mara nyingi ni utambulisho wa aliyetia saini. Alama nyekundu ya mkasi huonya kwamba saini si halali, pengine faili limebadilishwa. Vema iliyochorwa ndani ya barua yenyewe haihesabiki, kwani hiyo nayo ni picha.

Hata kijani isimalize maswali. Asome cheti: ni jina la nani, na nani amelithibitisha? Tapeli anaweza kujitengenezea cheti kwa jina analotaka. Kwa hiyo anayeambiwa "bonyeza kukubali cheti ili rangi ibadilike" asikubali, kwa kuwa hapo atakuwa amemdhamini mtu asiyemjua.

Tena, barua nyingi za kweli hazina saini ya kidijitali kabisa. Kukosekana kwake si ushahidi wa utapeli, ila ni sababu ya kuuliza. Majina ya wanaoitwa kazini serikalini hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwenye tovuti yake, na anwani za tovuti za Serikali huishia na go.tz. Namba ya kupiga itafutwe huko, isichukuliwe kwenye barua inayotiliwa shaka. Na kazi ya Serikali hainunuliwi. Barua inayodai fedha imeshajieleza yenyewe, hata kabla kompyuta haijawashwa.

Ikigundulika kuwa ni ya kughushi, faili, namba na ujumbe vihifadhiwe na kupelekwa polisi. Kughushi kwa kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Limebaki la nyumbani. Binti aliyeamini barua ile si mjinga, ni mtu aliyesubiri muda mrefu. Akisimangwa, safari ijayo atakopa kimyakimya na kutuma fedha bila kumwambia mtu. Mama mwenye busara atasema, "Mwanangu, kesho asubuhi twende wote steshenari tukaifungue." Kuuliza si ujinga. Jumamosi mnada utafanyika kama kawaida, na ng'ombe atakuwa bado zizini.