Mega za Koperative Zisiliwe na Redio

Ndugu wanamemba, komputa kidogo sawa Raspberry Pi, bila ekra, inaweza kupiga redio ya intaneti ndani ya depo. Inatumia volti 5 tu. Paneli ya jua na batri vinaitosha. Shida ni mega. Redio ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu mega 58 kila saa. Masaa 8 ni zaidi ya 460, na hiyo ni feza ya mbegu. Mimi naona hivi: emisyo ya kilimo tuipakue mara moja, tuiweke kwenye kadi, tuisikilize hata mara kumi bila kulipa tena. Habari za leo? Poste ya FM iko, haiombi mega. Tuamue hivyo kwenye mkutano, mbele ya kununua yunite ingine.