Milango ya vyuo vikuu imepanuliwa, njia ya kutoka Sudi bado nyembamba

KIJIJI cha Sudi kiko kwenye ghuba tulivu kusini mwa mji wa Lindi, na wakazi wake huishi kwa uvuvi, minazi, korosho na ufuta. Kwa kijana wa hapo anayemaliza kidato cha sita, safari ya chuo kikuu kwa miaka mingi imemaanisha jambo moja: kuelekea kaskazini, Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 450.

Sasa hali inaelekea kubadilika. Chini ya mradi wa HEET, unaogharimiwa kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2021, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimepangiwa kampasi katika eneo la Ngongo, Manispaa ya Lindi. Kwa mara ya kwanza chuo kikuu kikongwe kuliko vyote nchini kinawafuata wananchi wa pwani ya kusini.

Swali ambalo halijapewa uzito unaostahili ni hili: Je, watakaokaa katika madarasa hayo watakuwa vijana wa Sudi, Kilwa na Mchinga, au Lindi itakuwa mwenyeji tu wa wanafunzi kutoka mikoa iliyotangulia kielimu?

Haiwezi kusemwa kwamba Serikali imekaa kimya kuhusu wanafunzi wasio na uwezo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, huwapa kipaumbele yatima, wenye ulemavu na wanaotoka katika kaya maskini, zikiwamo zinazonufaika na TASAF. Bajeti ya mikopo ilipanda kutoka Sh464 bilioni mwaka 2020/21 hadi Sh570 bilioni mwaka 2021/22, kisha Sh654 bilioni mwaka 2022/23. Mwaka huo wa 2022/23 ulianza pia ufadhili wa Samia kwa wanafunzi waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kwenye mtihani wa kidato cha sita.

Hata hivyo, ukiitazama misaada hiyo kwa makini, utaona kwamba yote inampokea mwanafunzi aliyekwisha kufika mlangoni. Mkopo hupewa aliyepata udahili. Ufadhili hupewa aliyeng'ara katika mtihani. Hakuna kati ya hiyo inayouliza ni kwa nini kutoka kata fulani wanafika wachache, na kutoka kata nyingine wanafika wengi.

Hata kwa aliyefika, kuna mlango wa pili, nao ni wa karatasi. Mwombaji wa mkopo anatakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Yatima anahitaji pia cheti cha kifo cha mzazi. Fomu hujazwa kwa njia ya mtandao, husainiwa na viongozi wa Serikali ya kijiji na kuthibitishwa mbele ya wakili au hakimu. Yote hayo hufanyika katika majuma machache ya katikati ya mwaka.

Kwa mtoto wa mtumishi aliyeko mjini hiyo ni kazi ya siku mbili. Kwa mtoto wa mvuvi ambaye baba yake alizikwa bila kifo chake kusajiliwa, ni nauli za kwenda na kurudi Lindi au Mtama, yaliko makao makuu ya halmashauri, tena kwa fedha ambazo msimu wa korosho haujazileta. Hapo ndipo utaratibu uliobuniwa kumtambua maskini unapogeuka kumwacha maskini kuliko wote. HESLB imekuwa ikitoa elimu kwa waombaji mikoani, na hilo ni jema, lakini elimu haitoi cheti cha kifo.

Pengo hili lina historia. Katika kusini yenyewe, elimu ya kisasa ilianzia bara zaidi kuliko pwani. Wamisionari wa Kianglikana walifika Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini wakaweka kituo Ndanda mwaka 1906. Shule zao zilitoa wasomi wengi, akiwamo Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin Mkapa, aliyehitimu Makerere mwaka 1962. Vijiji vya pwani vilibaki na madrasa, ambazo zilifundisha dini na kusoma, lakini hazikuwa ngazi ya kupandia kwenda sekondari ya Serikali. Ugumu wa usafiri uliongeza umbali huo, kwani hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko.

Yapo mabadiliko tangu wakati huo. Shule za kata zilienea kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na sita mwaka 2022. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito warudi shuleni. Lakini kufutwa kwa ada hakujazi nafasi ya mwalimu wa fizikia asiyekuwapo, wala maabara isiyo na vifaa.

Tanzania inao uzoefu wake wa kurekebisha pengo la namna hii. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Kanuni hiyo ilikuwa moja kwa wote, lakini idadi ya wanawake ilishuka, kwa kuwa wengi waliolewa na hawakurudi masomoni. Miaka michache baadaye wanawake waliondolewa sharti hilo. Somo ni kwamba kanuni inayofanana kwa wote inaweza kuwaumiza baadhi, na kuirekebisha si upendeleo.

Katika miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwenda hatua zaidi. Wasichana waliokosa kwa alama chache nafasi ya kusoma sayansi waliitwa mapema chuoni, wakafundishwa kwa wiki kadhaa na kupewa mtihani. Waliofaulu ndio waliodahiliwa. Hawakugawiwa shahada, bali walipewa muda na walimu waliowakosa sekondari.

Wapo wanaohofu kwamba kutazama mahali anakotoka mwanafunzi kutaleta ukabila katika nchi iliyojenga umoja wake kwa taabu. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Uganda ilianza mwaka 2005 kutenga sehemu ya nafasi za ufadhili wa Serikali kwa kila wilaya, na lawama iliyofuata ni kwamba nafasi hizo zilichukuliwa pia na watoto wa wenye uwezo waliosoma shule bora za mijini.

Lakini fundisho la Uganda si kwamba wilaya isitazamwe. Fundisho ni kwamba msaada ufuate shule aliyosoma mtoto, si jina la ukoo wake wala mkoa wa babu yake. Aliyesoma miaka minne katika shule ya kata isiyo na mwalimu wa hisabati ana upungufu ule ule, awe Mmwera, Mmakonde au mtoto wa mtumishi aliyehamia kutoka Kagera.

Kampasi ya Ngongo inaweza kuwa mahali pa kujaribu hilo. Mafunzo ya awali kama yale ya wasichana yanaweza kutolewa hapo kwa wahitimu waliokosa kidogo alama 4.0 za masomo mawili zinazohitajika kwa shahada. RITA na halmashauri zinaweza kupeleka maofisa katika kata za pwani kabla dirisha la mikopo halijafunguliwa. Aidha, vyuo na HESLB vinaweza kuchapisha kila mwaka idadi ya wanaodahiliwa na wanaopata mikopo kwa kila wilaya na aina ya shule walizotoka, ili mjadala huu uendeshwe kwa takwimu badala ya hisia.

Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu Mkoa wa Lindi kuwa na watu 1,194,028, karibu asilimia mbili ya Watanzania wote. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, imekuwa ikizalisha umeme wa Taifa tangu mwaka 2004. Wahandisi wa kuiendesha miaka ijayo wamo katika madarasa ya sekondari ya leo, na baadhi yao wanaweza kutoka Sudi iwapo mwalimu wa hisabati na ofisa wa vyeti watawafikia kabla ya mtihani, si baada yake.